Umesahau nenosiri la laptopu ya zamani? Usikubali ipigwe windo kwanza

Juzi usiku dada mmoja, msomaji wangu, ameniandikia. Laptopu yake ya enzi za chuo ameitoa kabatini, inawaka vizuri, ila nenosiri limemtoka kabisa kichwani, na fundi kamwambia dawa yake ni kupiga windo, yaani kusakinisha Windows upya. Dada yangu, kabla hujamjibu huyo fundi, nisikilize.

Mwaka 2014 na mimi niliambiwa hivyohivyo. Nilikuwa mwalimu mgeni kazini, nikapeleka laptopu kwa fundi mmoja Kariakoo. Akasema, "Tupige windo, mwalimu, elfu kumi na tano tu." Nikamjibu piga. Sikumuuliza kitu, wala yeye hakunieleza kwamba kila kilichomo kitafutika. Jioni nikakabidhiwa mashine nyeupe, haina hata faili moja. Maandalio ya masomo ya miaka miwili yamekwenda. Picha za harusi yetu zimekwenda. Mke wangu hajawahi kunilaumu kwa neno, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Sasa mwezi uliopita nikaifufua Dell yangu ya pili, ya Windows 7, iliyokuwa imelala tangu 2018 chaja yake ilipokufa. Ikawaka, ikataka nenosiri. Nikajaribu jina la mtoto, mwaka wa kuzaliwa, namba ya simu niliyoiacha zamani. Ukikosea, Windows 7 inakuonyesha kidokezo ulichokiandika mwenyewe siku ya kwanza. Changu kilisema: "ile ya siku zote". Nilikitazama mpaka machozi yakanilenga, maana humo ndani mlikuwa na sauti ya marehemu mama. Likizo ya 2016 nilimrekodi nyumbani Pangani akitaja ukoo wetu, na nakala nyingine sikuwa nayo.

Safari hii sikwenda kwa fundi yeyote. Tangu yale ya 2014 nilikuwa nimejifunza jambo moja: nenosiri la Windows 7 linalinda mlango wa mbele tu. Mafaili yenyewe yamekaa kwenye hadi diski kama yalivyo, isipokuwa kama mwenyewe uliwahi kuyafunga kwa BitLocker, yaani kufuli la siri la Windows kwa diski nzima, au kitu cha namna hiyo. Kwa hiyo unapitia mlango mwingine. Niliazima kompyuta ya jirani, nikapakua Ubuntu, mfumo wa kuendeshea kompyuta kama Windows, ila ni wa bure, nikaiweka kwenye flashi ya GB 8 kwa programu iitwayo Rufus. Flashi inafutwa yote hapo, kwa hiyo toa vitu vyako kwanza. Nikaichomeka kwenye Dell, nikawasha huku nabonyeza F12, nikachagua flashi. Ikaja skrini inayouliza: unataka kuijaribu Ubuntu, au kuisakinisha? Hapo shika moyo wako. Chagua kujaribu. Ukisakinisha juu ya diski, umefanya kilekile alichonifanyia fundi.

Ikafunguka. Nikaingia kwenye diski, nikafungua folda ya Users, nikaona jina langu, na ndani yake folda zangu zote, hata ile niliyoiita "MAMA PANGANI" kwa herufi kubwa. Nikachomeka hadi diski ya nje, nikanakili kila kitu. Sikugusa nenosiri hata kidogo.

Lakini dada, kabla ya hayo yote angalia taa ya Num Lock. Laptopu nyingi ndogo za zamani, ikiwa imewaka, herufi j, k na l zinaandika 1, 2 na 3, na wewe unaona vidoti tu. Angalia na Caps Lock. Kama nenosiri linaulizwa hata kabla nembo ya Windows haijatokea, hilo kwa kawaida ni la BIOS, programu ya laptopu yenyewe inayoamka kabla ya Windows, na flashi huenda isikubaliwe. Mwambie fundi aitoe hadi diski aichomeke kwenye kompyuta nyingine, na ukae hapohapo umtazame. Na kama unaingia kwa barua pepe, kama laptopu nyingi kuanzia Windows 8, badilisha nenosiri la akaunti hiyo ya Microsoft kupitia simu yako.

Ndugu zangu, tuache uzembe. Tunanunua kava la simu la elfu ishirini, lakini sauti za wazazi wetu tunaziacha kwenye diski moja ya miaka kumi. Nunua daftari, andika manenosiri yako, lifungie na hati ya kiwanja. Nakili mafaili leo, usingoje mwisho wa mwezi. Na fundi akitamka neno windo, muulize kwanza: mafaili yangu unayaweka wapi? Asipokuwa na jibu, beba laptopu yako uondoke.

Usiku ule nilimwita mke wangu, tukakaa kitandani, nikabonyeza. Jogoo akawika kwanza. Kisha mama akauliza, "Umeshawasha?" Mimi wa 2016 nikajibu ndiyo, mama. Akakohoa kidogo, akaanza kwa jina la babu yake.