Barua kwa mwanangu: Jeki apewe nani?

Mwanangu Mwanaidi,

Marahaba. Sisi hapa Makorora hatujambo, ila bibi yako goti linamsumbua. Jumapili uliniuliza kwenye simu kuhusu yule mbwa uliyemwokota, "Baba, Jeki apewe nani, au abaki hapo kwenu tu?" Nikakukwepa kwa sababu mama yako alikuwa kaniinamia sikioni. Sasa nakujibu kwa utulivu.

Kubaki hapa haiwezekani. Nyumba yetu unaijua, ua mmoja na wapangaji, na watoto wanakatiza humo humo kwenda madrasa. Jeki ana kilo zaidi ya 30 na akili ya kitoto. Akiona mtu anakimbia, kwake huo ni mchezo. Juzi kamrukia mtoto wa jirani, miguu ya mbele yote miwili kifuani, na kanzu nyeupe ikawa ramani ya matope. Hakumng'ata, mkia ulikuwa unapepea muda wote, lakini nenda kamweleze hilo mama wa mtoto. Halafu kuna bibi yako. Sisi Washafii tunajua udenda wa mbwa ni kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo, naye anaswali barazani. Jeki akitokeza pua tu, anakunja msala. Mbwa wa ulinzi au wa mifugo dini haijamkataza, ila awe na mahali pake nje, na mahali hapo sisi hatuna.

Nimemfungua kinywa. Meno ya utoto yamekwisha yote, na ya mbele bado yana vile vijipembe vitatu vitatu ambavyo mbwa mtu mzima huwa ameshavisaga. Nakadiria miezi minane hadi mwaka. Mbwa wa umbo hili huendelea kujaa mpaka mwaka na nusu, wengine miwili, kwa hiyo anayemtaka leo ajue atakuja kulisha mbwa mkubwa kuliko huyu anayemwona. Umri huu ndio watu huwatupa mbwa. Akiwa kitoto anabebwa na kupigwa picha, akianza kuvuta kamba na kutafuna viatu anaachwa, kama ulivyomkuta huyu kwenye lile jengo la Chumbageni na waya shingoni. Kidonda kimefunga, ingawa upande wa kushoto manyoya hayajaota sawasawa.

Sasa wanaomtaka. Yule wa ghala nimemkatalia palepale. Anataka afungwe mnyororo mchana kutwa "ili awe mkali", usiku afunguliwe. Miaka yote niliyokuwa bwana mifugo, majeraha mengi ya watoto niliyoitiwa yalitokana na mbwa wa namna hiyo siku mnyororo ulipokatika. Na tangu 2008 nchi ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama. Kumtesa mnyama si jambo la mwenyewe na mali yake tena.

Wa Raskazone najua umempenda. Nilikwenda. Ukuta mrefu, bustani, miembe, pazuri kweli. Lakini wenyewe wanaishi Dar, hapo yupo kijana wa bustani ambaye aliniambia waziwazi anaogopa mbwa. Watu hudhani mbwa mkubwa anahitaji kiwanja kikubwa. Mwache peke yake kwenye kiwanja hicho, atachimba mashimo na kubweka usiku kucha mpaka jirani amwekee sumu. Jeki anahitaji mtu anayeshinda nyumbani, wa kumwambia "kaa" akakaa, kila siku, bila kuchoka.

Binamu yako wa Mkwaja naye kaniandikia. Kule ni jirani na Hifadhi ya Saadani, mbung'o wapo, na nagana, ugonjwa wanaoueneza, haichagui ng'ombe peke yake. Ranchi ya Mkwaja yenyewe ilifungwa mwaka 2000, na mbung'o walikuwa na mkono wao. Simpeleki mbwa huko, samahani.

Amebaki mzee wa Pongwe, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Hakuniambia anapenda mbwa. Aliniuliza anakula kiasi gani, kama amechanjwa, na anafanyaje akiona kuku. Hapo nikakaa vizuri kwenye kiti. Yeye na mkewe hawatoki, ng'ombe wako bandani, na kinachomtia wasiwasi ni wezi wa usiku. Nilirudi tena na Jeki kwa kamba. Ng'ombe aliwanusa akatulia. Kwa mbuzi alivuta mpaka kiganja changu kikachubuka, na mama mwenye nyumba hakucheka. Kwa hiyo tumekubaliana akae kwa majaribio mpaka mwisho wa mwezi, mbuzi na yeye watenganishwe kwa uzio, na wakishindwa wanirudishie mimi, si kumfungulia barabarani wala kumgawa kwa mtu mwingine.

Kabla hajaenda daktari wa mifugo atamhasi. Najua mama yako anaona ni ukatili, lakini pale Pongwe barabara kuu ipo karibu, na dume likisikia harufu ya jike halitazami malori ya saruji. Gharama tutagawana. Chakula nimewaelekeza, ugali wa dona na dagaa, mifupa ya kuku iliyopikwa wasimpe kwa sababu inapasuka vipande vyenye ncha. Na mahindi yaliyoota ukungu wayatupe, wasiseme "haya ya mbwa". Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, inaua ini la mbwa kama inavyoua la mtu. Hilo nimelirudia mara mbili, maana wengi wetu ndivyo tulivyozoea.

Wewe, ukija likizo, kamwone. Lakini ule mwezi wa kwanza usiende, wala usiwapigie simu kila jioni kuuliza amekula nini. Mwache azoee sauti zao. Na ukizungumza na mzee, usimfiche kwamba alifungwa waya. Mtu akimnyooshea mkono ghafla kutokea juu anajikunyata na kutoa meno. Wajukuu wa pale waambiwe wamwendee kwa upande, tena wakiwa na mtu mzima. Ikitokea akamkwaruza mtu kwa meno, hata kidogo, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo, chanjo au si chanjo.

Kuna jambo moja limetukwamisha. Cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa hakipo. Mama yako kapekua kabati zima, kakuta vyeti vyako vya darasa la saba na risiti za feni, cha Jeki hakuna. Kama ulikibeba huko Dodoma, kipige picha unitumie kwa WhatsApp leo, halafu chenyewe mpe dereva wa basi anishushie stendi ya Kange. Daktari anataka kuona tarehe.

Baba yako