Damu ya kuotesha ichukuliwe kabla ya sindano ya kwanza

Jamani leo naongea na wauguzi wenzangu na nyie mnaouguza ndugu zenu wodini. Hiki kipimo cha kuotesha damu, wengine tunaita kalcha, yaani damu inawekwa kwenye chupa maabara kuona kama kuna bakteria wataota, kuna wanaotaka kila mwenye homa apimwe na kuna wasiokitaka kabisa eti majibu yanachelewa, mimi kwa nilivyoona wodini wote wanakosea.

Mtu ana kidonda mguuni, anakula, anaongea, presha iko vizuri, huyo mara nyingi haioti kitu, au anaota bakteria wa kwenye ngozi tu halafu anachomwa madawa bure na hela ya familia inaisha. Ila anayetetemeka kwa homa, presha inashuka, anaanza kuchanganyikiwa, au homa ya siku nyingi malaria hamna na watu washaanza kusema taifodi kwa kipimo cha Widal ambacho kinadanganya sana, huyo ndo wa kuotesha damu, tena haraka.

Sasa shida kubwa ni muda. Dawa inachomwa saa 2, damu inachukuliwa saa 4, maabara wakisema hakuna kilichoota watu wanaamini kweli hana bakteria, kumbe antibayotiki imeshawazima! Damu kwanza, dawa ifuate hapohapo, mgonjwa mahututi asicheleweshwe.

Na iwe ya kutosha. Mtu mzima ni mililita 8 mpaka 10 kila chupa, toa sehemu mbili tofauti, usivute kwenye kanula ya zamani (ule mpira wa dripu uliokaa mshipani). Ukishapaka dawa ya kusafisha kwenye ngozi acha ikauke, usirudi kuupapasa mshipa na kidole, na ule mpira wa juu ya chupa ufute na spiriti. Chupa zisiingie friji.

Ndugu msiogope "damu zote hizo", chupa nne, mbili kila sehemu, hazizidi mililita 40, vijiko nane vya chai, na mtu mzima ana kama lita 5. Ulizeni tu kwa upole kama kalcha imeshachukuliwa kabla dripu ya dawa haijafunguliwa. Chupa zinakaa maabara mpaka siku 5 lakini wakiota mara nyingi inajulikana ndani ya siku mbili, kwahiyo fuatilieni. Jibu likija Staphylococcus aureus, bakteria hatari akiwa kwenye damu, hata kama ni chupa moja, mtu asikwambieni ni uchafu wa ngozi, huyo ni wa dawa za mshipa na kalcha irudiwe mpaka damu iwe safi.