Makadirio ya nyumba ya kupangisha Likoni

Ndugu yangu, umeuliza iwapo bei ya jumla aliyokutajia fundi kwa mdomo, ya nyumba ya vyumba vinne huko Likoni, Mombasa, inatosha kuanzia ujenzi. Haitoshi, kwa kuwa jumla isiyochambuliwa haiwezi kukaguliwa.

Kosa linalogharimu zaidi liko kwenye zege. Wengi hupima ujazo wa msingi, kisha hununua mchanga, kokoto na saruji kwa ujazo uleule, ilhali vifaa vikavu hushuka vinapochanganywa na maji. Meta moja ya ujazo ya zege la uwiano wa 1:2:4 (saruji sehemu moja, mchanga mbili, kokoto nne) huhitaji takriban meta moja na nusu ya ujazo ya vifaa vikavu, ikiwemo mifuko sita na zaidi ya saruji ya kilo 50. Mwulize fundi wako alihesabu vipi. Jibu lake litakueleza mengi.

Usikubali kupunguza gharama kwa mchanga wa ufuoni, maana chumvi yake hutia kutu nondo za chuma ndani ya zege, na ukarabati wake ni ghali kuliko akiba hiyo.

Bei za maduka ya vifaa vya ujenzi ziulizie pamoja na usafirishaji hadi kiwanjani, na uhakikishe kama zimejumuisha Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo ni asilimia 16. Ada za kibali cha kaunti nazo husahaulika.

Hatimaye tenga asilimia kumi ya dharura, au zaidi iwapo utachimba msingi wakati wa masika, na fedha hizo fundi asizijue.