Wasomaji Wanauliza: Jangwa la Sharqiya, Oman

SWALI: Assalaam aleikum. Tunataka kuingia jangwa la Sharqiya kwa gari letu na kulala huko usiku mmoja. Tujiandae vipi?

JIBU: Waaleikum salaam. Nendeni kati ya Novemba na Machi, kwani kiangazi joto hupita nyuzi 45. Kutoka Muscat hadi Bidiyah ni kama kilomita 220, lami moja kwa moja. Gari liwe linalovuta magurudumu yote manne. Kabla ya kukanyaga mchanga, toeni upepo kwenye tairi mpaka ubaki paundi 15 hadi 18. Tairi lililolegea hutanuka, likapita juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Chini ya paundi 12 ni hatari: mkikata kona, tairi huchomoka kwenye rimu.

Mnaposhuka tuta, elekezeni pua ya gari chini moja kwa moja, maana anayekatiza ubavuni hupinduka. Gari likikwama, usizidi kukanyaga mafuta. Magurudumu yatazidi kuchimba mpaka gari lilalie tumbo. Fukueni mchanga kwenye magurudumu, nyoosheni usukani, tegeni mbao au zulia kuukuu, kisha mrudi nyuma polepole kwa njia mliyojia. Magari yawe mawili, na maji lita 6 kwa kila mtu kwa siku. Mkirudi kwenye lami, jazeni upepo kwanza. Tairi legevu likienda kasi hupata moto na kupasuka.

Msijaribu kukata hadi pwani ya kusini bila mwenyeji. Kule Barr Al Hikman kuna sabkha: juu ganda la chumvi kavu, chini tope. Na mkaa mchukue wenu. Miti ya ghaf ndiyo kivuli na malisho ya jangwa hilo, kuikata kwa ajili ya chai ya usiku mmoja ni dhuluma.

SWALI: Tukikaribishwa na Mabedui, adabu ni ipi?

JIBU: Viatu nje ya zulia. Kikombe cha kahawa hupokelewa kwa mkono wa kulia. Hutiwa kidogo, na kitaongezwa tena na tena mpaka ukitikise kuonyesha umetosheka. Kina mama wengi huvaa barakoa ya kimila inayofunika uso. Msipige picha mpaka mruhusiwe. Ngamia anayezurura peke yake pia ana mwenyewe, kwa hiyo epukeni kuendesha usiku, msije mkamgonga.

SWALI: Bidiyah kuna mitende kando ya mchanga. Maji yanatoka wapi?

JIBU: Ardhini, na kwa karne nyingi huletwa kwa falaj, mfereji unaoyateremsha kwa mteremko mdogo bila pampu yoyote. Matumizi yana mpangilio: kinywani kwanza, kisha msikitini na mahali pa kuogea, ndipo mashambani, na huko mitende hutangulia mazao ya msimu. Zamu hupimwa kwa athar, takriban nusu saa, nayo huuzwa na kurithiwa kama mali nyingine. Kwa hiyo mgeni anayeondoa jiwe au kitambaa kilichoziba tawi la mfereji amempunguzia mtu haki yake. Sabuni nayo isiguse maji juu ya sehemu ya kunywa.

Mkiweza kustahimili joto, mwezi wa Julai una jambo la kuonwa. Tende za mabsali huchumwa kabla hazijaiva, zikachemshwa katika masufuria makubwa na kuanikwa juani, nyingi zikauzwe India. Nendeni alfajiri. Ni wakati ambao familia za Mabedui kwa desturi huhamia kwenye mashamba ya mitende.

SWALI: Je, tutaona choroa weupe?

JIBU: Katika mchanga huo, hapana. Choroa wa Arabuni wako mbali kusini-magharibi, tambarare ya Jiddat al-Harasis, katika hifadhi ya Al Wusta. Wa mwisho wa mwituni waliuawa 1972. Mwaka 1982 waliofugwa walirudishwa porini, wakilindwa na watu wa kabila la Harasis. Ujangili ukarudi, hifadhi ikapunguzwa kwa asilimia 90, na 2007 UNESCO ikaiondoa kwenye orodha ya urithi wa dunia. Haijawahi kutokea kabla yake. Kuingia huhitaji kibali cha mamlaka ya mazingira, kinachoombwa kabla ya safari. Msifike langoni mikono mitupu.