Maswali ya Wasomaji: Je, Gwiji Huuzwa?

SWALI: Ndugu Mhariri, tangu Willie Mays, gwiji wa besiboli wa timu ya San Francisco Giants, afariki dunia tarehe 18 Juni 2024, msimu wa besiboli ukiwa katikati, wenzangu hapa San Francisco hushikilia kwamba timu haimwachi gwiji wake. Je, Giants hawakumwachia Mays?

JIBU: Ndugu msomaji, walimwachia, tena katikati ya msimu. Mei 1972, Mays akiwa na umri wa miaka 41, mmiliki wa Giants, Horace Stoneham, aliyekuwa amepungukiwa na fedha, alimpeleka katika timu ya New York Mets na kupokea mrushaji mpira kijana, Charlie Williams, pamoja na malipo. Uamuzi huo uliwaumiza mashabiki, ingawa kwa maoni yangu ulimrejesha nyumbani, kwa kuwa New York ndiko alikoanzia ligi kuu mwaka 1951, kabla Giants hawajahamia San Francisco. Tarehe 14 Mei alikutana na timu yake ya zamani, akaupiga mpira ukavuka uzio, na pigo hilo likawapa Mets ushindi wa 5–4.

Siku mbili baada ya kifo chake, Giants walifungwa 6–5 na timu ya St. Louis Cardinals katika uwanja wa Rickwood, Birmingham, Alabama, ambako Mays aliichezea timu ya Black Barons akiwa kijana.