Nyumba inavuja, feza ya kuitengeneza itatoka wapi?

*Ba yaya wa gazeti, jambo yenu. Niko mwalimu, mushahara yangu inapitia ku banki. Baba yetu alituachia nyumba ku Katuba, hapa Lubumbashi, tuko batoto bane, mimi njo nabakia mule pamoja na mama. Paa imechoka kabisa, mvua ikinyesha tunapanga mabeseni mu salo. Nataka kuomba kredi nibadilishe mabati, niweke karo (vigae) chini, na nijenge anekse ya vyumba mbili ya kupangisha. Karatasi yenye tuko nayo ni livre ya lojeri (kitabu ya kukaa mu nyumba) ya jina ya baba. Yaya yangu mwanaume anasema tuweke nyumba garanti ku banki tupate feza mingi mara moja. Nifanye je?*
*Mama Mwalimu, Katuba*

Jambo mama. Tuanze na yaya yako, juu ile mawazo yake njo inaweza kuwaingiza mu matata. Banki haitaweka ipoteki (rehani ya nyumba) juu ya livre ya lojeri. Sheria ya udongo ya tarehe 20 Julai 1973 inasema haki ya mutu juu ya lupango (kiwanja) inaonekana paka mu setifika ya anrejistrema (hati ya kiwanja), na ipoteki yenyewe inaandikwa kwa konservateri, yule wa serikali anachunga zile hati, juu ya ile setifika. Bila ile hakuna kitu. Na hata ingekuwako, nyumba si ya yaya yako peke yake, ni ya ninyi wote bane, na Kode ya Familia ya 1987 inamupa mama yenu mujane haki ya kuendelea kuishi mule. Sasa mutu moja asaini, kredi imushinde, mama atoke inje na mabeseni yake? Hapana. Muanze kutafuta karatasi, ndiyo, muende ku tribinali juu ya urithi, kisha ku kadastre (ofisi ya kupima viwanja), lakini ile ni kazi ya muda mrefu na mvua haitawangojea.

Sasa feza. Shida yenye naona ni kwamba umefunga kazi tatu mu furushi moja na unataka deni moja iilipe yote. Fungua ile furushi.

Karo, samahani mama, iache kwanza. Najua inapendeza wageni wakiingia, lakini hakuna mutu atakulipa juu ya karo ya salo yako.

Paa njo ya haraka, lakini paa usiikopee. Hapa kwetu mvua inaanza kukaza kuelekea mwezi wa kumi na moja na inaenda mpaka mwezi wa tatu, wa ine, kwa hiyo uko na kiangazi yote ya kujipanga. Ingia mu likelemba (muchango wa kila mwezi, kila mutu anachukua yote ku zamu yake) na walimu wenzako, wenye mushahara yao inaingia siku moja na yako, na uombe zamu yako iangukie mwezi wa nane ao wa tisa, uwaambie wazi ni juu ya paa, watu wanaelewa. Likelemba haina interesi (riba), hatari yake ni yule anakula zamu ya kwanza halafu simu yake inazimika, njo maana nasema walimu wenzako, si watu wa kukutana nao ku soko. Kama kuko mutu wa karte mwaminifu mu avenyu yenu, yule anapita kila siku kukusanya akiba ya watu, fanya na ile pia: ukiweka franka 2.000 kila siku, mwezi wa siku 31 unatoa 62.000, yeye anakula siku moja, wewe unapata 60.000. Haikuongezei kitu lakini inakuzuia kuikula. Kila feza ikiingia nunua kintu, mwezi huu mabati, mwezi ujao misumari na mbao, usiache feza ilale mu sanduku juu bandugu watainusa. Na mbele ya kununua hata bati moja mupandishe sharpantie (fundi wa mbao) juu aangalie mbao, mchwa wa Lubumbashi unajua kazi yake na mabati mapya juu ya mbao yenye kuliwa ni hasara mbili.

Anekse njo yenye inaweza kubeba kredi, juu itakuletea lwaye (kodi ya nyumba). Banki yenye inapitisha mushahara yako inaweza kukupa kredi juu ya ile mushahara bila kugusa nyumba, na mara mingi haikubali mukato wa kila mwezi upite theluthi moja hivi. Ku mikrofinansi na ku kopeki (koperative ya akiba na kredi) pia kuko, lakini hapo uliza swali moja mbele ya kusaini: interesi inahesabiwa juu ya feza yote nilichukua, ao juu ya ile inabakia? Angalia tofauti. Unachukua dola 3.000 kwa miezi 12, interesi 3 kwa mia kila mwezi. Wakihesabu juu ya yote, unalipa 340 kwa mwezi, interesi yote 1.080. Wakihesabu juu ya inayobakia, unalipa kama 301, interesi yote inafika karibu 617 tu. Wote wawili watakuambia "ni 3 kwa mia mama". Uliza pia feza ya dosie, asiransi, na kama kuna akiba ya lazima yenye watakushikia. Kintu kingine: wewe unalipwa mu franka, kredi nyingi ziko mu dola, dola ikipanda deni yako inapanda na mushahara imesimama palepale. Acha nafasi mu hesabu yako.

Na garanti ya lokatere (feza yenye mupangaji anaweka mbele ya kuingia) usiihesabie kama feza ya kumalizia krepisaji (kupiga plasta). Sheria ya mwisho wa 2015 inaiweka miezi 3 tu kwa nyumba ya kuishi, na ni ya lokatere, siku anatoka unairudisha.

*Lokatere wangu anasema ataweka simenti ku lupango na mulango wa chuma kwa feza yake, halafu nimukatie ku lwaye. Nikubali?*
*Tata wa komini ya Kenya, Lubumbashi*

Kubali tata, ni mukopo bila interesi, lakini usikubali kwa mudomo. Muende pamoja kuuliza bei mbele, mukate mwisho wa gharama, muandike ni miezi ngapi hatalipa ao atalipa nusu, na muandike pia akitoka mapema itakuwa je, wote wawili musaini, fakitire zibakie kwako. Vinginevyo mulango wa chuma utakuwa wa dola 400 leo na wa 700 siku mutagombana.

*Banki Lamberi (mukopeshaji wa mutaani) inanipa 500 leo hii bila dosie. Kwa nini nihangaike na likelemba?*
*Kijana wa Ruashi*

Kijana, kwa 30 kwa mia, mwezi ukiisha unadaiwa 650. Ukikosa na ukilipa paka ile 150 ya interesi, miezi ine unakuwa umetoa 600 na ile 500 ingali nzima. Na akiomba umuachie karatasi ya lupango ya wazazi "juu ya usalama tu", simama, musalimie vizuri, uende.