Swichi Inayojisanidi Inapowashwa: Maswali ya Wasomaji

Ndugu mwandishi, nasikia swichi mpya ya mtandao (kifaa kinachounganisha kompyuta za ofisi) inaweza kuchomekwa umeme na kebo tu, ikajipatia mipangilio yake bila fundi kuigusa. Inawezekanaje? (Msomaji, Kasulu)

Ndugu yangu, swichi yenye uwezo huo ikiwaka na kukuta haina faili la mipangilio lililohifadhiwa ndani yake, hutuma ombi la DHCP (utaratibu wa kugawa anwani za mtandao kwa vifaa) kama kompyuta yoyote inayotafuta anwani. Seva huijibu kwa kuipa anwani ya IP (namba ya kuitambulisha mtandaoni), na ndani ya jibu hilohilo huongeza maelezo mengine: chaguo namba 66 hutaja seva yenye mafaili, na namba 67 hutaja faili la kuchukua. Swichi hulipakua na kulitekeleza, ikapata jina, VLAN (migawanyo ya mtandao ndani yake) na nywila zake. Watengenezaji hawafanani katika hili. Juniper, kwa mfano, hutumia pia chaguo namba 43, kwa hiyo mwongozo wa kifaa husika usomwe kwanza. Ikumbukwe pia kwamba ombi la DHCP halivuki lenyewe ruta, yaani kifaa kinachounganisha mtandao mmoja na mwingine: seva ikiwa Kigoma mjini na swichi ikiwa Kasulu, ruta ya Kasulu lazima iagizwe kulipeleka mbele.

Tuna swichi za shule kadhaa. Seva itajuaje ipi ni ya shule ipi? (Mwalimu, Nzega)

Mwalimu, huzitambua kwa anwani ya MAC (namba ambayo kifaa hupewa kiwandani) au namba ya mfululizo, ambazo kwa kawaida huchapwa kwenye kibandiko cha kifaa. Mzinakili kwa makini, maana B ikiandikwa 8, swichi haitapata faili lake.

Je, njia hii ni salama? (Msomaji, Ujiji)

Kwa namna wengi wanavyoitumia, hapana, na jambo hili linanisumbua sana. Mara nyingi swichi hulipakua faili lake kwa TFTP, itifaki (utaratibu wa mawasiliano) ya zamani inayotumia poti 69, ambayo haidai nywila wala haifichi kinachopita. Aliyechomeka kompyuta kwenye mtandao huo anaweza kuliomba faili na kuzisoma nywila zote, au akawahi kuijibu swichi kabla ya seva yenu na kuipa faili lake mwenyewe. Ningeshauri kazi hii ifanyike ofisini, kwenye mtandao uliotengwa, kabla vifaa havijasafirishwa. Pasipowezekana, tumieni HTTPS (njia ya kupakua inayoficha kinachopita) yenye kuhakiki cheti cha seva, yaani kitambulisho chake cha kidijitali, au swichi zinazofuata RFC 8572, kiwango cha intaneti cha mwaka 2019, ambacho huitaka swichi ithibitishe kwanza kwamba maelekezo yametoka kwa mwenye haki ya kuyatoa.

Umeme ukikatika, swichi itaanza tena kuitafuta seva? (Msomaji, Sikonge)

Haitaitafuta, ikiwa mipangilio ilihifadhiwa kwenye kumbukumbu ya kudumu. Ikiwa ilibaki kwenye kumbukumbu ya muda tu, yote hupotea, nayo swichi itaomba upya. Na kama njia ya kwenda kwenye seva haijarudi, ofisi nzima itakaa bila mtandao. Kwa hiyo, kabla ya kuipokea kutoka kwa fundi, itenganisheni na seva, chomoeni waya wa umeme, kisha muurudishe: ikiwaka ikiwa na jina na VLAN zake, ipokeeni.